Mtani Aliyetolewa Msafarani

Hivi wewe, mtu mwenye mamlaka ya kukufunga mdomo ulimchagua lini? Fikiri kabla ya kujibu. Msimamizi wa zamu kazini uliletewa. Mwenyekiti wa kikundi alijipendekeza mwenyewe, mkapiga makofi kwa sababu jua lilikuwa kali na kila mtu alitaka kurudi nyumbani. Wapo watu wanaozeeka bila kumchagua kiongozi hata mmoja kwa akili zao, na hawaoni ajabu.

Siwema wa mtaa wa Ng'ambo aliiona ajabu hiyo. Ukifika Tabora mjini ukamuulizia, utajibiwa kwa swali, "Yule wa mashine?" Ndiye. Anasaga mahindi na mtama katika banda aliloachiwa na baba yake, na kuanzia asubuhi mpaka alasiri nyusi zake ni nyeupe kwa unga. Simu yake huiweka ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, akaibonyeza humohumo, maana unga ulishamuulia mbili.

Pale mashineni watu hawapangi foleni kwa miguu. Ndoo na madebe ndiyo hupangwa, wenyewe wakakaa kivulini. Basi mtu mmoja akisogeza ndoo ya mwenzake kwa ujanja, kelele huanza, na hapo Siwema hufanya jambo moja tu: huzima mashine. Hufuta mikono, hukaa juu ya gunia, na kusubiri. Ukimya ukishaingia, aliyesogeza ndoo huirudisha mwenyewe.

Ila hakuna aliyemchagua kuwa pale. Baba alipofariki, kaka zake walikuwa wameshahamia Mwanza na Dar es Salaam, wakaamua kwa simu kwamba Siwema atashika mashine. Wakaamua pia kwamba atamtunza mama yao, Bi Maua. Hakuwa na kinyongo na mama wala na mashine. Kilichomkera ni kwamba hakuna aliyewahi kusimama mbele yake akamwambia: tumekuangalia, tumekupima, tunakutaka wewe.

Kupimwa na kutakwa huko alikukuta kwenye mchezo wa malori.

Ni mchezo wa kwenye simu. Kila mchezaji ana lori lake, na jioni wanakutana barabarani kwa mamia, wengine wako Kigoma, wengine Pwani, wengine Mombasa na Unguja, wakafuatana kutoka Bagamoyo kupita Mpwapwa na Manyoni hadi Tabora, na wenye moyo wanaendelea mpaka Ujiji. Barabara hiyo waliichora wachezaji wenyewe, kipande kwa kipande, kufuata njia waliyopita wapagazi wa zamani. Aliyewaanzishia ni Idrisa, mtoto wa Tabora anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam. Kundi akaliita Msafara, na vyeo akavitoa kulekule kwa mababu. Mgeni ni mpagazi. Anayelinda adabu, barabarani na katika ukumbi wa mazungumzo, ni kirangozi, kwa jina la yule aliyetangulia mbele ya misafara, ambaye inasemekana wapagazi walimkubali wenyewe kabla hawajainua mizigo. Kirangozi ana uwezo wa kumnyamazisha mtu, na hata wa kumtoa nje kabisa.

Aliyepaka lori rangi nzuri, au aliyetengeneza daraja lililokuwa likiwadondosha wenzake, hupewa jembe na wenzake: picha ndogo inayokaa kando ya jina lake, kwa kuwa zamani Unyamwezi jembe lilikuwa mali, mtu aliweza kuolea. Wenye majembe mengi wakaanza kudai kwamba ukirangozi ni haki yao. Idrisa akakataa katakata. Jembe, aliwaambia, ni shukrani ya kazi iliyokwisha kufanyika. Ukirangozi ni kuaminiwa kwa kazi ambayo bado haijatokea, na fundi hodari wa rangi anaweza kuwa hakimu mbovu. Wakapatana hivi: watu wawili wampendekeze mtu, apewe mamlaka ya majaribio mwezi mmoja chini ya macho ya wote, kisha wapige kura.

Siwema hakuwa na jembe hata la kuazima. Hakujua kupaka lori wala kuchora barabara. Kazi yake ilikuwa kuwajibu wageni. Mtu akiingia hajui hata namna ya kurudi nyuma na tela, akiuliza swali ambalo wenzake wamelijibu mpaka wamechoka, Siwema alimjibu kana kwamba linaulizwa kwa mara ya kwanza duniani. Wawili waliliona hilo wakampendekeza. Wa kwanza ni Nikolaus, mkulima wa Lusu huko Nzega. Wa pili ni Chilongani, Mgogo wa Manyoni, fundi wa magari makubwa, mtu wa makamo na mdomo usiolala. Hawa wawili hawakuwahi kuonana, lakini walitukanana kila jioni mpaka ukumbi mzima ukawasubiri. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, wa kutukanana bila kukasirikiana, hata msibani. "Mgogo, leo chumvi umeshaomba kwa nani?" Nikolaus angeanza. Na Chilongani angejibu kwamba anamwona Mnyamwezi ameshusha mzigo, sasa amesahau kutembea.

Mwezi wa majaribio ukaenda vizuri. Aliyeshindana naye alijiita Kamanda, kijana wa malori yanayong'aa, majembe yamejipanga mstari kando ya jina lake. Kura zilikuwa zifungwe Ijumaa magharibi. Siwema aliutaka ukirangozi ule kwa moyo wote, na hakumwambia mtu isipokuwa mama yake, ambaye hakuelewa malori ya kwenye simu yanapeleka nini wapi, ila alielewa maana ya mtoto wake kuchaguliwa.

Alhamisi asubuhi Nikolaus akaandika ukumbini kwamba baba yake amefariki, na kwamba yuko njiani kwenda kuuchukua mwili hospitalini. Pole zikamiminika. Kisha akaingia Chilongani.

"Afadhali mzee amekwenda, alikuwa anawamalizia wenzake viazi," aliandika. "Msimzike mpaka nifike. Na kaburi lichimbeni fupi, Mnyamwezi amezoea kujikunja chini ya mzigo."

Siwema alisoma katikati ya unga na kelele za mashine, akacheka peke yake. Lakini ukumbini moto ulikuwa umewaka. Wageni wa mbali, vijana hasa, waliona mtu anamkejeli mfiwa. Wakaitoa sheria, na sheria ilikuwepo, waliipigia kura wenyewe mwaka uliopita: anayemtukana mfiwa anatoka. Mmoja akauliza kama Siwema atamlinda Chilongani kwa kuwa ndiye aliyempendekeza. Mwingine akaandika kwamba Kamanda asingesita. Nikolaus alikuwa kimya, na kimya chake wakakifanya ushahidi wa uchungu.

Uongozi huoza namna hii, bila hata rushwa. Huoza siku mtu anapoacha kujiuliza lipi ni haki, akaanza kujiuliza lipi litaonekana haki. Siwema alijua ule ni utani. Angeweza kuufunga ukumbi kwa muda, kama anavyozima mashine, watu wakapoa. Badala yake alifikiria kura, akamtoa Chilongani nje. Majembe yakaanza kumjia, ya kwanza maishani mwake.

Usiku wakati wa kula alimsimulia mama yake kwa fahari kidogo. Bi Maua akaliacha tonge kwenye sahani.

"Umemfukuza mtani msibani?"

"Kuna sheria, mama. Waliipitisha wenyewe."

"Sheria wamepitisha. Na mfiwa je, mwanangu? Nani amemuuliza?"

Siwema akasema watu wa Unguja na Mombasa hawakuyazoea mambo hayo kwa namna hiyo. Bi Maua akamjibu kwamba hao wangeelezwa, ndiyo kazi ya mkubwa, kueleza. Kisha akanawa mikono na kwenda kulala bila kumalizia chakula.

Ijumaa mchana simu ikalia. Namba ya Siwema ilikuwa imebandikwa juu ya ukumbi kwa wenye shida, na aliyepiga ni Nikolaus, sauti imemkauka. Alishukuru kwa pole. Akaeleza kwamba mazishi ni kesho saa tatu asubuhi, Lusu nyumbani, na kwamba hajalala wala hajalia, ndugu wanamtazama kama mtu aliyegeuka gogo. Ndipo akafika kwenye lililomfanya apige.

"Dada Siwema, mtani wangu mmempeleka wapi?"

Siwema akaeleza habari ya sheria.

"Mimi sikutukanwa," Nikolaus akasema. "Alisema nisizike mpaka afike. Sasa nazika vipi? Namba yake sina, yangu hana. Tunajuana humohumo."

Siwema akazima mashine, ingawa hakuna aliyekuwa akigombana. Alimpigia Idrisa. Chilongani akiwa nje hawezi kusoma lolote, hajui hata mazishi ni lini wala kijiji gani. Ni lazima afunguliwe. Idrisa alimsikiliza mpaka mwisho, naye mwenyewe, mtoto wa Tabora, hakuhitaji kufundishwa utani. Lakini utaratibu ulisema aliyetolewa harudi mpaka virangozi wote wakae na kukubaliana, na wawili kati yao hawakuwa wakipatikana.

"Subiri kura zifungwe," alimwambia. "Kesho tutakaa. Ukimfungulia leo peke yako sitaweza kukutetea."

"Mazishi ni kesho asubuhi, kaka Idrisa."

"Nimesikia."

Wanawake kivulini walianza kuuliza kulikoni mashine imelala. Siwema akawaomba wamvumilie. Alimfungulia Chilongani, akamwandikia pembeni jina la kijiji, siku na saa, na kwamba mtani wake anamwita. Kisha akaenda ukumbini, mahali ambapo kila mpiga kura angesoma.

"Jana nilimtoa Chilongani," aliandika. "Niliposoma maneno yake nilicheka, kwa hiyo nilijua ni utani. Nilimtoa kwa kuogopa kura zenu. Nikolaus hajatukanwa, anamtaka mtani wake mazishini. Leo nimemfungulia peke yangu, kinyume cha tulichokubaliana. Mwenye kura apige akijua yote hayo."

Akawasha mashine.

Yaliyofuata usiyaonee chuki. Wapo walioandika kwamba huyu ni kigeugeu, jana hivi, leo vile. Wapo waliouliza, kwa adabu kabisa, kama kirangozi mmoja anaweza kuvunja utaratibu kwa jambo jema, nani atamzuia wa pili asiuvunje kwa jambo baya. Swali hilo lilikuwa la haki. Msichana mmoja wa Unguja alisema kama angeelezwa mapema asingepiga kelele. Magharibi kura zikafungwa. Kamanda akachaguliwa, na alishinda kwa halali. Siwema akaondolewa mamlaka ya majaribio, jina lake likarudi kwa wapagazi.

Lakini kilichomkaa rohoni jioni ile hakikuwa kura. Ujumbe wake kwa Chilongani ulikuwa haujasomwa. Mtu aliyetolewa kwa aibu mbele ya mamia, ana sababu gani ya kwenda kuchungulia mlango uliofungwa usoni pake? Alimwambia mama yake kwamba kesho mashine haitafunguliwa. Bi Maua akamtolea khanga zake mbili nyeusi, na kumwagiza amfikishie mfiwa pole ya mama mtu wa Ng'ambo.

Asubuhi yake Siwema alipanda basi la kwanza la Nzega, akamalizia kwa bodaboda mpaka Lusu. Watu walikuwa wameshatoka kanisani na kujaa kando ya kaburi, nyuma ya nyumba, penye shamba la mihogo. Alijibu salamu za asubuhi za akina mama, mwangaluka kwa mwangaluka, akasimama pembeni bila kujitambulisha. Siwema alimtambua Nikolaus kwa kumwona tu: kijana mrefu aliyesimama karibu na jeneza, mikono imening'inia, anatazama udongo. Akatafuta mtu mwenye sura ya mgeni. Hakumwona.

Katekista alikuwa amefungua kitabu, na wabebaji wameshaanza kupitisha kamba chini ya jeneza, pale vumbi lilipotimka barabarani na lori likasimama. Mtu mfupi mwenye ovaroli ya grisi akashuka. Hakusalimia. Alipenya katikati ya waombolezaji kama mwenye shamba, akafika ukingoni, akarukia ndani ya kaburi na kulala chali, mikono kifuani.

"Nimetembea usiku kucha tangu niliposoma kuwa mnaniita," alisema kutoka chini. "Kitanda hiki kinanitosha. Huyo mzee wenu mtafutieni kingine."

Wanawake wakashikana mabega. Wazee wa Lusu, ambao hawakuhitaji kuelezwa, wakaanza kumsihi Mgogo atoke, wakaomba radhi, wakamuuliza anataka nini. Akataka jogoo, na aletwe na mfiwa mwenyewe, wengine mikono yao ina harufu ya kubeba mizigo. Katekista akafunga kitabu juu ya kidole chake, akangoja. Nikolaus akaenda uani taratibu. Aliporudi, jogoo mikononi, alipiga magoti ukingoni na kumnyooshea yule mtu ambaye hakuwahi kumwona maishani. Chilongani akaketi, akampapasa jogoo kifua.

"Mbona amekonda hivi?"

"Amekonda kwa kukungoja," alisema Nikolaus, na kicheko kikamtoka kwa nguvu hata akashika udongo asianguke, na nyuma ya kicheko yakaja machozi, mengi, ndugu zake wakamwacha alie.

Chilongani akapanda juu akikung'uta vumbi. Akatazama kulia na kushoto, akamwendea mwanamke wa khanga nyeusi aliyekuwa peke yake.

"Dada, nishikie huyu," alisema, akamkabidhi Siwema jogoo, akashika kamba ya upande wa kichwani, na jeneza likaanza kushuka.