Babu Aliyewasemesha Ng'ombe Kifaransa

Niliolewa Kensington, mtaa wa Johannesburg, nikitokea chumba cha kupanga Bellevue, mtaa mwingine wa huku huku. Siku moja mama mkwe alinisikia nikimgombeza binti yangu kwa Kifaransa, lugha niliyosomea shuleni Bujumbura. Akaacha kumenya viazi.

"Hiyo lugha umeitoa wapi? Babu yangu alikuwa akiwasemesha ng'ombe hivyo hivyo."

Babu huyo alikuwa Mzungu, mtoto wa mkulima wa Kebeki, kule Kanada wanakosema Kifaransa. Alikuja huku kijana, askari katika vita vya Waingereza na Makaburu. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alioa mwanamke Msotho, wakalima mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa kusini mwa Johannesburg. Na watoto alizungumza Kisotho na Kiingereza; Kifaransa kiliishia zizini. Alipofariki, mama mkwe alikuwa bado mdogo. Baadaye serikali ya ubaguzi iliwahamisha, kaburi likabaki kwenye shamba la watu wengine. Habari za ukoo wa Kanada hakuna aliyekuwa nazo.

Miaka ikapita. Binti yangu, sasa mtu mzima, akapima vinasaba: alituma mate maabara, na jibu likatuletea mzee mmoja wa Kebeki, mjukuu wa kaka yake babu. Analima shamba lile lile alipozaliwa babu. Lakini Kiingereza hajui, kwa hiyo Jumapili moja baada ya kanisa tukaegemeza simu kwenye birika la chai, nami nikawa mkalimani.

Lafudhi yake ilinitoa jasho. Mara mbili tatu nilimwomba arudie. Alituonyesha ghala, matrekta, theluji hadi kwenye uzio. Mama mkwe alitazama kwa adabu, kisha akasema, "Muulize kama walijua tupo."

Mzee akainamisha kichwa. Walijua, alisema. Padri mmoja alileta habari kuwa kijana wao yu hai na ameoa Mwafrika. Baba yake akapiga marufuku jina lake lisitajwe nyumbani. Mama yake aliendelea kumwombea, kwa siri, mpaka akafa.

Ningeweza kusema hawakujua; pale mezani mimi tu ndiye niliyeelewa. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama mimi, si simu.

"Mwanangu, usinipunguzie."

Nikamwambia yote. Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena. Mzee, bila kuulizwa, akaomba radhi kwa niaba ya watu ambao hata yeye hakuwahi kuwaona.

"Mwambie si kosa lake," mama mkwe alisema. Sauti yake haikuwa ya kusamehe wala ya hasira. Ilikuwa imechoka.

Kisha mzee akauliza, "Na yule mke, aliitwa nani?"

Hapo mama mkwe hakuningoja. Aliisogelea simu akalitaja mwenyewe jina la bibi yake, jina la Kisotho lenye mlio wa kugonga ulimi. Mzee akajaribu, akakosea, akarudia kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwisho akaniomba nimtajie herufi moja moja.

Theluji ilipoyeyuka alituma picha. Kwenye jiwe la kaburi la ukoo wao palikuwa na majina mawili mapya, la babu na la mkewe. Mama mkwe aliniambia nilikuze jina la pili kwenye simu. Akalisoma polepole, herufi kwa herufi.

"Wamelipatia," alisema, akaenda kujilaza.