Radhi ya Mlangoni

Mie ni mrefu. Nalisema mapema kwa sababu mtaani kwetu Mwananyamala hilo ndilo jambo la kwanza watu wanalolisema juu yangu, na la pili ni mdomo. Nguzo ya umeme, ndivyo walivyoniita tangu nilipoolewa kwenye uchochoro huu, na sijawahi kununa. Shoga yangu wa nyumba ya pili yeye ni mfupi, ananifika kwapani, na tukienda sokoni pamoja watu wanacheka hata hatujatoa salamu. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka zaidi ya ishirini. Watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, nimewanywesha uji kwa mkono wangu, na wote wawili walikua wakawa wanajeshi.

Yule wa kiume alipopangiwa kwenda Kongo kulinda amani, shoga alifanya kama anavyomfanyiaga kila mtoto wake anayesafiri. Alitawadha, akachukua msahafu, akapanda kistuli cha jikoni pale mlangoni, akaunyanyua juu. Mwanawe akainama akapita chini yake, akarudi ndani, akapita tena, mama akihesabu, mpaka mara tatu. Kisha shoga akasukutua maji, akampulizia kifuani, akamwambia, "Nenda mwanangu, radhi yangu unayo." Mie nilikuwa nimesimama uani nacheka, maana kijana yule na libegi lake la mgongoni alikuwa anarudi kinyumenyume kama anaingiza lori gereji. Naye alikuwa anacheka.

Hakufikisha mwaka. Waliviziwa njiani, yeye na wenzake kadhaa, ndivyo tulivyoambiwa, na zaidi ya hapo hatukuambiwa kitu.

Sasa sie tumezoea kuzika upesi. Mtu akifa alfajiri, alasiri ameshalazwa, watu wamenawa mikono wameanza kula. Safari hii tulikaa mikekani siku sita bila maiti. Turubai limefungwa, viti vimepangwa, masufuria yanachemka, na wa kumzika hayupo. Kila gari lilipopunguza mwendo kule barabarani, watu walinyanyuka, kisha wakakaa tena. Shoga alikaa pembeni ya ukuta amejitanda khanga, halii, hali, anaitikia pole tu. Siku sita, jamani! Mie ningekuwa nimeshabomoa ukuta kwa kichwa.

Na msibani watu wakishakaa, kazi ni kusema. Chini ya turubai wanaume walishagawanyika. Muuza kahawa wetu alikuwa anapiga vikombe vyake na kusema, "Kongo kwao, sie kwetu. Vijana warudi, hata kesho." Jirani yetu mwingine, mwalimu mstaafu, mtu wa Kigoma, akamjibu taratibu kwamba yeye amefundisha watoto waliovuka ziwa bila baba wala mama, na angependa kuambiwa ni nani awalinde waliobaki kule. "Si umpeleke wako?" mtu akamrushia kutoka nyuma. Mwalimu akainama, maana wa kwake anafanya kazi benki. Mie nilikuwa upande wa muuza kahawa, tena kwa sauti.

Siku ya tatu nilikuwa uani namenya vitunguu na yule binti, mdogo wa marehemu. Alikuwa amevua gwanda, amevaa dera la mama yake linalomwishia kwenye muundi.

"Mama mkubwa," akaniambia, "na mie nimepangwa kundi linalofuata. Mkuu wangu kasema naweza kuomba nibaki, kwa ajili ya kaka. Nimemwambia mama. Akinipa radhi nakwenda, asiponipa nabaki."

"Kakujibu nini?"

"Hajanijibu."

Nikaweka kisu chini. Nikasema moyoni, huyu haendi, labda mie niwe bubu.

Mwili ukaja, sanduku limefungwa, tukaambiwa lisifunguliwe. Tukaondoka kwenda Chanika, kwenye shamba la ukoo wao, ndiko yaliko makaburi ya wazee wao. Gari la jeshi lilitangulia, sie wanawake tulifuata kwenye basi la kukodi. Na huko njiani nikaona jambo ambalo mpaka leo sijui nilieleze vipi.

Hakuna aliyekuwa amewaambia watu wasimame. Hakukuwa na kipaza sauti wala king'ora. Lakini tulipovuka Gongo la Mboto nikaona vijana wa bodaboda wamezima pikipiki zao, wote, wamevua helmeti. Mama muuza mihogo amesimama na kijiko chake mkononi, mafuta yanaungua nyuma yake na hageuki. Mafundi wameshuka kutoka juu ya nyumba wanayojenga. Wanafunzi wamejipanga kando ya barabara na madaftari vifuani. Bongo hii, watu hawa, ambao ukifunga breki tu wanakutukania mama yako! Kimya. Kilomita baada ya kilomita, kimya, na nyuso zinageuka kufuata lile sanduku. Nilikuwa nimekaa karibu na shoga, nikamwona naye anachungulia dirishani kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akasema, "Wote hawa wanamjua mwanangu?"

Kwa desturi yetu wanaume walikwenda makaburini, wanawake tukabaki nyumbani. Tukakaa tunasubiri. Ndipo ikalia milio ya bunduki za heshima. Ule wa kwanza ulinipiga kwenye mbavu, na kuku wa pale uani wakaacha kutembea. Ukaja wa pili. Kichanga kilichokuwa kinalia mgongoni kwa mtu kikanyamaza. Nilipomtazama shoga niliona midomo yake inakwenda, nikadhani anasoma dua. Alikuwa anahesabu. Mlio wa tatu ulipolia akasema polepole, "Tatu. Basi," kwa sauti ileile aliyomhesabia mwanawe mlangoni.

Mazishi yakaisha, afisa mkubwa akaja kutupa pole wanawake, kofia mkononi, jasho linamtoka. Akasema maneno yake vizuri. Alipomaliza nikasimama. Na mie nikisimama nasimama kweli, nikawa namtazama kwa juu.

"Baba, pole zako tumezipokea," nikamwambia. "Sasa na wewe pokea zetu. Warudisheni watoto wetu. Na huyu binti hapa haendi popote. Mama yake kasema hatoki!"

Wanawake wakaitikia, "Eeeh! Mwambie!" Mwingine akapiga kigelegele, msibani, astaghafirullah. Shoga alikuwa chini ya khanga yake, akanishika kifundo cha mguu, akakiminya. Nikadhani ananishukuru. Yule afisa hakukasirika. Alisema, "Nimekusikia, mama. Nitangoja niambiwe na mzazi mwenyewe."

Kuna mtu alinirekodi. Ikazunguka kwenye simu za watu, nikawa maarufu. Nilikwenda Mwenge kununua kinu, muuzaji akanipunguzia bei, "Wewe si yule mama wa warudisheni?" Wengine walinipa mkono, wengine walinikunjia uso. Kijana mmoja aliniambia kaka yake yuko kule, na maneno yangu yamemvunja nguvu. Nikamjibu kwa ukali, lakini usiku wa siku hiyo nililala namuwaza huyo kaka yake. Shoga hakuniambia neno, si zuri wala baya, tangu Chanika.

Arobaini ikasomwa, ikapita. Asubuhi moja nikasikia ukuta unagongwa mara mbili, ndivyo tunavyoitana. Nikaenda. Binti alikuwa mlangoni, gwanda limepigwa pasi, buti, begi. Shoga amesimama ndani.

"Nenda katawadhe," akaniambia.

"Kuna nini?"

"Katawadhe, shoga, kisha uje."

Nikaenda, nikatawadha kwa hasira. Niliporudi alikuwa ameshika msahafu kwa mikono miwili, ananipa.

"Kwani wewe unataka aende?" nikamuuliza.

"Sitaki," akasema. "Ulichosema Chanika ndicho kilichokuwa tumboni mwangu, neno kwa neno."

"Sasa ndiyo nini hii?"

"Hukuniuliza mie, na hukumuuliza yeye. Mie nimemuuliza. Kaniambia kule kuna wenzake wanangoja awapokee zamu, na wao wana mama. Nikimnyima radhi atabaki, atanipikia, atanifulia, na kila nikimtazama nitaona nimemfunga kamba. Kutotaka ni kwangu. Radhi ni yake, siwezi kumnyima. Lakini kile kistuli sikipandi tena. Nilijaribu jana, miguu imekataa. Wewe huhitaji kistuli."

Loh. Nilimtazama mwanamke yule anayenifika kwapani, nikajiona mdogo. Nilikuwa na maneno mia ya kumwambia. Mpaka leo ninayo, mpaka leo nasema warudi wote, na ukiniuliza kesho nitasema hivyohivyo. Lakini siku ile mdomo ulifunga wenyewe. Nikapokea msahafu, nikasimama mlangoni, nikaunyanyua.

Kaka yake aliinama. Yeye hakuhitaji, kwa urefu wangu alipita amenyooka, kofia na yote. Akatoka, akarudi. Shoga anahesabu. Moja. Mbili. Aliporudi mara ya mwisho aliniangalia usoni, akasema, "Shikamoo, mama mkubwa," na mie nikaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuijua. Tatu. Shoga akasukutua maji, akampulizia kifuani, yakalowesha pasi yote. "Radhi yangu unayo," akamwambia. "Na huyu naye kakupa."

Binti akashika njia ya uchochoroni, hakugeuka nyuma, ndivyo inavyotakiwa. Tukasikia buti mpaka zikapotea, tukasikia mlango wa gari.

"Shusha mikono basi, shoga," akaniambia. "Ameshaondoka."

Nikamwambia aniache kidogo, gari lilikuwa bado halijawashwa.