Kumfuata Mama Mkwe Kondoa na Mjerumani Mzee

Sababu ya safari ilikuwa macho ya mama mkwe wangu. Madaktari wa mtoto wa jicho walikuwa wamepiga kambi katika hospitali moja hapa Dodoma, na mwisho wa kuandikisha wagonjwa ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Ambaye angekosa angesubiri kambi nyingine, na hakuna aliyejua itakuja lini. Mama alikuwa ameshafika mahali pa kumimina chai nje ya kikombe. Mke wangu Zuhura ni mwalimu, na wiki ile alikuwa anasimamia mitihani. Akashauri mama apandishwe basi Kondoa, mimi nikampokee stendi.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Mama yako apande basi, na mimi nina gari?"

Zuhura aliweka chini kalamu nyekundu. "Baba Asha, wewe una gari, au gari ndilo lina wewe?"

Swali lilikuwa la haki. Gari langu ni la Kijerumani, na lilikuwa limeshazeeka kabla sijalijua. Aliyeniuzia alinikabidhi funguo akiwa na furaha kunizidi, nami sikujiuliza kwa nini. Nilichoona ni viti vya ngozi na mlango unaojifunga kwa sauti nzito, kama mlango wa mtu mwenye cheo. Tangu hapo nalitumia kila siku ya kazi, Ipagala hadi Mtumba, huku taa za dashibodi zikimeta kama ukumbi wa harusi. Majirani wanaliita Mjerumani. Wenzangu ofisini wana magari ya Kijapani ambayo vipuri vyake vinapatikana hata karibu na muuza chapati. Vya kwangu huagizwa, kisha husubiriwa, kisha hugundulika kuwa ni vya toleo jingine.

Alhamisi asubuhi niliondoka peke yangu. Ilikuwa miezi ya kipupwe, upepo wa Dodoma unapokata masikio alfajiri na jua kulipiza kisasi mchana. Hadi Makutupora nilikuwa dereva mwenye raha. Mashamba ya zabibu yalipita kando, lami nzuri, injini ikinguruma kwa heshima zake. Nilijiambia kwamba watu hawayaelewi magari haya.

Nilipofika Mayamaya niliyaelewa. Mshale wa joto ulikuwa umepanda karibu na alama nyekundu. Nilisimama, nikafungua boneti, nikaona feni ya rejeta imetulia kabisa. Nikampigia fundi wangu, Chande wa Nkuhungu, mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna ugonjwa asioujua.

"Washa hita, bosi," alisema. "Iweke mwisho kabisa."

"Chande, juani huku?"

"Hita inavuta joto la injini, inalileta kwako. Na lile ni gari la nchi ya baridi. Lifanye lidhani liko kwao."

Niliwasha. Mshale ukashuka taratibu, na mimi nikaanza kuiva. Toka pale hadi Kondoa niliendesha vioo vyote vikiwa wazi na hewa ya moto ikinipuliza magotini. Chemba nilinunua maji, nikanywa nusu na kujimwagia nusu. Muuzaji aliuliza kama ninaumwa. Nikamjibu kwamba nina gari.

Kondoa niliingia shati limenigandama mgongoni. Sasa lazima nieleze jambo moja. Mama mkwe wangu ni wa watu wa zamani. Yeye na mimi tunaoneana haya kama desturi inavyotaka: hatukai pamoja, hatutazamani usoni, na maneno yetu hupitia kwa mtu wa tatu. Akikosekana mtu, hata mbuzi anatosha. Nilisimama uani, nikatoa shikamoo kuelekea ukutani, na marahaba ikatoka ndani. Majirani waliokuja kuangalia gari waliliona jasho langu wakaridhika sana.

"Huyu kafundwa," mmoja alisema. "Anatoka jasho la adabu."

Sikumsahihisha. Gari nalo lilisifiwa. Mama mwenyewe alilipapasa kuanzia taa hadi taa, akamwambia mwanawe Bakari, "Mwambie mkwe, gari lake zuri. Linang'aa." Lilikuwa na utepe wa gundi kwenye bampa na mlango mmoja wa rangi nyingine. Lakini kwa macho yale, lilikuwa zuri.

Ijumaa asubuhi mpango ulikuwa Bakari akae mbele na mama nyuma, ili maneno yapite kwake. Mpango huo uliharibiwa na buti. Buti la Mjerumani hufunguka linapotaka, na siku ile halikutaka. Tulibonyeza, tukabembeleza, tukapiga ngumi, hadi saa nne ikatukuta. Mzigo wa mama ulikuwa gunia la ulezi, madumu ya mafuta ya alizeti na jogoo. Vyote vikaingia ndani ya gari, na nafasi ya shemeji yangu ikachukuliwa na ulezi.

"Nendeni tu, shemeji," Bakari alisema huku akimfunga jogoo miguu. "Mkiwa na neno, lipitisheni kwa huyu."

Tuliondoka tukiwa wawili, hita ikiwa mwisho. Nyuma, mama alijifunika kanga. Ningependa kumweleza kuhusu feni, lakini ningeanzaje? Niseme na gunia? Baada ya Chemba jogoo alianza kuhema mdomo wazi. Kisha sauti ikatoka chini ya kanga, taratibu, haikuelekezwa kwangu.

"Mjerumani, kwenu kuna moto?"

Aibu ilinipanda kuliko joto. Mama wa mke wangu ninamwoka kama muhogo! Bila kufikiri, na bila neno la maelezo, nikazima hita. Kwa heshima. Dakika chache zilizofuata zilikuwa tamu sana. Hewa baridi iliingia, jogoo akafunga mdomo, na mimi nikajiona mkwe mwema. Halafu moshi mweupe ukafunika kioo cha mbele.

Tulisimama porini, kabla ya Mayamaya. Rejeta ilikuwa imechemka na kumwaga maji yake chini. Chupa yangu ilikuwa tupu, nimeyanywa maji yote njiani. Nilitazama saa: sita imepita. Nikafikiria macho yale, kambi ile, na sentensi yangu mbele ya Zuhura.

Basi likaja. Nililipungia mikono yote miwili, nimeshameza kiburi.

"Kuna nafasi ya kusimama tu," kondakta alisema dirishani, akilitazama gari kwa huruma. "Tumchukue mama?"

Niliigeukia boneti. "Mjerumani, mwambie mama kuna basi, lakini atasimama hadi mjini."

"Mjerumani," sauti ikajibu kutoka kiti cha nyuma, "mwambie mwenzio magoti yangu hayakuandikishwa hospitali. Basi liende."

Likaenda. Mama alishuka, akapapasa chini ya kiti, akatoa dumu dogo. Yalikuwa maji yake ya udhu, aliyoyachota nyumbani kwa ajili ya adhuhuri njiani. Aliliweka chini karibu na tairi, akageuka kando.

"Mjerumani, kunywa. Mimi nitatayamamu."

Akainama kwenye vumbi safi pembeni mwa barabara, akapiga viganja vyake ardhini, akapaka uso na mikono, akatandika kanga na kuswali. Mimi nilikaa mbali nikisubiri injini ipoe. Sijawahi kuona aibu kubwa kuliko ile ya kumimina udhu wa mama mkwe katika rejeta.

Alipomaliza alirudi kwenye kiti chake. "Sasa mwambie mwenzio awashe moto wake. Nimepika kwa kuni tangu utoto, nitauawa na moto wa kiti? Angesema tu."

"Mjerumani, mwambie mama nimesikia."

"Na akanyage mafuta. Saa haioni haya."

Hospitali tulifika wakati muuguzi anaondoa viti barazani. Alimtazama mama, aliyekuwa ametulia katika kanga yake, kisha akanitazama mimi, nimeloa kuanzia kola hadi soksi.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Mama," nilisema.

"Wewe kaa hapo kivulini kwanza," alisema, akafungua tena dirisha la kuandikisha.

Jumamosi mama alifanyiwa upasuaji, na Jumapili alikuwa amefunguliwa bandeji. Zuhura alimtoa nje akimshika mkono, na Mjerumani alikuwa palepale mbele ya lango, kwenye jua lisiloficha kitu. Mama alisimama. Akatazama gundi ya bampa, mlango wa rangi nyingine, ufa wa kioo. Alizunguka mzunguko mzima bila kugusa.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Nilipokuwa sioni ulikuwa mzuri zaidi."

Zuhura alicheka hadi akashika ukuta.

Wiki iliyofuata, daktari aliporuhusu, Zuhura alimkatia mama tiketi ya basi. Mama aliitazama tiketi karibu, kisha kwa mbali, akifurahia tu kwamba anaona maandishi, akamrudishia. "Nani atamwambia mkwe maneno, kama Mjerumani hayupo?"

Nilikuwa nimeshapeleka gari Nkuhungu. Chande alifunga feni mpya, akaapa ni ya toleo lenyewe, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli. Nilichojifunza nitakisema kwa ufupi. Gari kuukuu lisilo na madumu mawili ya maji halijawa tayari kwa safari. Na ubovu wa gari useme mapema, hata kama wa kumwambia ni gunia la ulezi.

Tuliondoka alfajiri, madumu mawili miguuni pa kiti cha mbele. Upepo ulikuwa mkali, feni inavuma, mshale umetulia katikati. Mama alikuwa ametoa shingo dirishani, akisoma kila kibao. Tulipofika Mayamaya alijivutia kanga mabegani.

"Mjerumani," alisema, "leo kwenu hakuna moto?"

Nikawasha hita.