Saa Aliyozaliwa Pelagia

Mwenye duka la vitambaa pale Bunda, Mhindi mpole. Mwaka ule wa uhaba duka lake lilikuwa tupu mpaka panya walihamia Musoma kwa miguu, nimewaona mimi. Yeye alikuwaga anapangusa rafu tupu, kisha anafungua kitabu chake cha nyota, analamba kidole kila ukurasa. Padre alishatangaza ndoa ya binti yangu Pelagia, ila nilitaka na nyota zikubali, nikaenda naye kwa mzee huyo. Zikikataa, harusi hakuna.

“Alizaliwa saa ngapi?”

“Ng’ombe walikuwa wameshaingia zizini.”

Akahesabu kwa vifundo vya vidole. “Zuhura ya mapenzi na Mirihi ya ugomvi zimekutana nyumba ya ndoa. Watapendana, watachomana.”

Pelagia akaanza kulia. Mke wa mzee akaleta chai isiyo na sukari. Mzee akapokea kikombe kwa mikono miwili, akamtazama mkewe mpaka mama huyo akaingia ndani.

“Sisi pia nyota zilitukataa,” akaninong’oneza. “Mama yangu akasogeza saa niliyozaliwa.” Akashika kalamu. “Mama Pelagia, kumbuka vizuri. Ng’ombe waliingia kweli?”

“Aka! Walikuwa bado mtoni, mzee. Tena yule mweupe alikuwa hajashiba maji.”