Sungura Mwenye Jina la Kambo

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kenya, na ninasema komini ya Kenya hapa Lubumbashi, si ile nchi, mtoto hakuuliza nyama inatoka wapi. Alijua, kwa sababu asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyeilisha. Leo muulize mtoto kuku anatoka wapi, atakuonyesha frigo, tena atakushangaa wewe unayeuliza. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Wengine mnivumilie, maana habari hii ya sungura nimeibeba miaka mingi na mpaka leo sijui niiweke upande wa furaha au upande wa aibu.

Lupango wetu, yaani ua na nyumba yake, ulikuwa nyuma ya soko. Mbele mama alipanda matembele na lengalenga. Nyuma, karibu na choo, kulikuwa na vizimba sita vya sungura. Baba alikuwa mtu wa reli, kama baba yake kabla yake, na vizimba alivijenga kwa mbao za masanduku na waya wa kuokoteza. Juu ya kila mlango alichora namba kwa rangi nyeupe, kuanzia moja mpaka sita, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa mwalimu wetu. Sungura hawakuwa na majina mengine. Namba mbili amezaa, namba tano anakohoa, namba moja amemng'ata mtoto wa jirani. Tukijaribu kuwatania kwa majina, baba alitukatiza hapo hapo.

"Kitu ya kukula habaipatiake jina," alisema.

Kazi ya majani ilikuwa yetu watoto. Tulivua uniforme, tukala bukari baridi, yaani ugali, iliyobaki mchana, tukachukua magunia na kwenda kando ya reli. Majani hayakukosekana, ila akili ndiyo ilikosekana. Tulicheza nzango kwanza, wasichana wa mitaa miwili, tukiimba na kurusha miguu mpaka sauti zikauke, kisha jua likianza kutua ndipo tulipokumbuka magunia. Hapo tuling'oa chochote, pamoja na udongo na mizizi. Baba aliyakung'uta moja moja mbele yetu, na hilo liliuma kuliko fimbo. Majani yenye umande yalikuwa mwiko, kwa sababu yanavimbisha tumbo la sungura. Asubuhi za mwezi wa sita, baridi ikipasua midomo na moshi wa shimene kubwa ya kiwanda cha shaba ukishuka mpaka kooni, tuliyatandaza kwanza juu ya bati yakauke. Nikifumba macho bado nasikia harufu ile, majani makavu, manyoya yenye joto, na mkojo wao unaochoma pua.

Nitasema ukweli: nilipenda kuwalisha na nilipenda kuwala. Mama aliwapika kwa nyanya, vitunguu na karanga za kutwanga, na figo zilikuwa zangu, kwa kuwa nilikuwa binti wa kwanza. Nilitumbukiza tonge la bukari ndani ya mchuzi ule bila kufikiria chochote. Leo vijana wanapiga picha ya sahani kwanza kabla ya kula. Sisi tungepiga picha ya nini? Ungeinua macho tu, mwenzako amekwisha beba mnofu wako.

Sasa nije kwa Kambo, maana kwetu bibi ndiye Kambo. Kambo Ngoie alikuwa mama wa baba. Alikaa nasi, mimi naye tukilala mkeka mmoja, na mgongo wake ulikuwa blanketi langu. Alijifunga kitambaa cha kijivu kichwani, na kwa kuwa meno yalikuwa yamebaki machache, alitafuna kila kitu polepole, midomo ikienda upande huu na upande ule. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Watu walilia, wakala, wakaondoka, na mkeka ukawa mpana mno.

Siku chache baadaye nilikuwa nikiingiza majani kizimba cha nne. Humo alikaa jike la kijivu, zee kidogo, lililokwisha zaa mara nyingi. Alikuwa akitafuna, midomo ikienda upande huu na upande ule. Nikasema kwa sauti ndogo, "Kambo Ngoie, ulilala muzuri?" Akainua sikio moja. Ikatosha. Kuanzia siku ile nilimwamkia kila asubuhi kabla ya shule.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo wenyeji wa kwetu wataliona mara moja. Kwetu, watu wa kaskazini mwa Katanga, jina halitupwi ovyo. Mtoto akipewa jina la mzee, mzee amerudi. Binamu yangu alikuwa na jina la babu. Baba alimwita "Papa" kitoto kile kilichokojoa kitandani kila siku, wala hakuwahi kukichapa hata kilipovunja redio. Na kumdanganya mwenye jina la mzee wako ni kumdanganya mzee mwenyewe. Hayo yote niliyajua. Sikuwaza tu kama sungura naye anahesabiwa.

Ikaja komunio yangu ya kwanza. Baba mdogo, ndugu wa baba, alikuja na treni kutoka Kamina, na kama wasemavyo, mgeni njoo mwenyeji apone: siku hiyo nyama ilikuwa lazima. Nilitoka nje na gauni langu jeupe nikamkuta baba amemshika namba nne kwa miguu ya nyuma, mkononi mpini wa jembe.

"Papa, hapana! Ule ni Kambo Ngoie!"

Mpini ukabaki juu. "Unasema nini?"

"Ni Kambo. Miye minamuitaka vile kila siku. Na yeye anaitikaka."

Baba mdogo akacheka sana, kisha akamtazama kaka yake, na kicheko kikakatika. "Yaya," alisema, maana kwetu kaka ndiye Yaya, "jina imekwisha kutoka mu kinywa ya mutoto. Utafanya namna gani?"

"Ni lapin tu," alijibu baba, yaani ni sungura tu. Lakini mkono haukushuka.

Mama alitokea mlango wa jiko na mwiko wa bukari mkononi. "Bantu beko mu njia, banakuya kukula, na ninyi munasimama mu lupango juu ya lapin!"

Baba akamrudisha namba nne kizimbani, polepole, kwa mikono miwili. Akamtoa mwingine kutoka namba tano, mnene, mweupe, asiye na jina. Na mimi niliyelia kwa ajili ya mmoja, nilimla mwingine vizuri kabisa, figo na mchuzi, nikijilinda nisichafue gauni. Ni usiku, mkekani, ndipo nilipokumbuka kwamba namba tano alikuwa binti wa namba nne. Basi, kama namba nne ni Kambo, binti yake ni dada wa baba. Nilikuwa nimemla shangazi yangu siku ya komunio. Nilipiga hesabu ile mara tatu na kila mara shangazi alikuwa tumboni.

Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo mambo yalibadilika kwenye lupango wetu. Baba, aliyetukataza majina, alianza kumpa namba nne majani ya kwanza, yale laini. Siku moja, akidhani yuko peke yake, nilimsikia akisema, "Mama, kula." Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyamwaga, na baba ndiye aliyelowa.

Kisha ikaja miaka ile mnayoikumbuka, treni zikasimama, na mshahara wa baba nao. Baba aliamka, akavaa nguo za kazi, akakaa kwenye kiti mlangoni. Tulikula matembele asubuhi na matembele jioni. Sungura tuliwala mmoja baada ya mwingine, bila karanga, hata wale wadogo, mpaka vizimba vitano vikabaki wazi. Mdogo wangu Pitchou, mwenye miaka mitatu, alitoka kwenye surua akiwa na miguu ya njiti na nywele nyekundu kama za mahindi. Mtawa wa dispensari alimbonyeza miguu, akamwambia mama: huyu mtoto anahitaji nyama, na si kesho.

Mama hakumwendea baba. Aliniita mimi nyuma ya nyumba.

"Weye njo ulimupatia jina," alisema. "Weye njo utaitosha. Papa yako hataweza."

"Jina banaitoshaka namna gani, Mama?" niliuliza; kwetu kutosha ni kuondoa.

"Sijue. Lakini Pitchou eko pale, na lapin eko pale. Chagula."

Kwetu kuna desturi ya kutoa jina. Desturi ya kulirudisha, kama ipo, hakuna aliyenifundisha. Nilikwenda kizimba cha nne na majani laini, nikachuchumaa. Alikuwa akitafuna, midomo ikienda upande huu na upande ule. Nikamwambia, "Weye haiko Kambo. Nilikosa. Weye ni namba nne." Aliinua sikio moja, kama siku zote. Nikarudia kwa nguvu zaidi, nikilia, kisha nikakimbia kumwambia baba kwamba nimemaliza. Hakuuliza nimemaliza vipi. Akainuka kwenye kiti chake, akachukua mpini.

Pitchou alikunywa mchuzi wa namba nne siku nne mfululizo. Siku ya tatu alidai zaidi, na mama alikaa chini jikoni akalia kwa furaha. Baba hakugusa. Mimi mama aliniwekea figo, kwa desturi, na sijui kama ilikuwa zawadi au adhabu. Nilizila. Zilikuwa tamu. Hapo ndipo ninapopotea kila ninapokumbuka. Laiti zingekuwa chungu, ningejua la kujisemea. Je, nilimla Kambo, au nililidanganya jina lake ili nimle sungura? Au Kambo mwenyewe, aliyekuwa akinigawia tonge lake, ndiye aliyeinua sikio kusema haya, mlisheni mtoto? Siku nyingine naamini hivi, siku nyingine vile. Padri niliyemwungamia alisema si dhambi, akaniambia nisali hata hivyo.

Leo Pitchou ana tumbo la kutosha watu wawili na nyumba huko Golf, mtaa wa wenye nacho, yenye lango linalojifungua lenyewe. Binti yake wa kwanza alimpa jina la Ngoie. Ana miaka tisa, nami namwita Kambo, na nikifika na biskuti yeye ndiye anayechagua kwanza. Kambo huyu ana sungura mweupe aitwaye Bijou, mwenye kikapu chake, brashi yake na picha zake kwenye simu ya mama. Bijou anakula karoti zilizomenywa. Ningekuwa na karoti zile miaka ile, nisingempa sungura.

Jumapili iliyopita tulikuwa mezani. Bijou alikuwa mapajani mwa mtoto, na sahanini kulikuwa na mapaja ya kuku wa frigo, waliotoka sijui nchi gani, ambao hakuna mtu hapa mjini aliyewahi kuwaamkia. Nikawaza: sisi tulimla tuliyemjua, na tulijua uzito wake. Hawa wanambusu wanayemjua na kumla wasiyemjua. Nilitaka kuwacheka, kama ninavyowacheka kwa mengi, lakini kicheko hakikuja. Sikujua nani kati yetu ana huruma zaidi. Nilitamani tu jioni za kando ya reli, magunia mepesi, na baba akikung'uta majani.

"Tantine," aliuliza mtoto, akitafuna, "c'est vrai, ni kweli zamani mulikuwaka munakula balapin?"

Pitchou akacheka kinywa kimejaa. Yeye hakumbuki kitu. Nikasema ndiyo, tulikula.

"Na zilikuwaka na majina?"

Alikuwa akinitazama kwa macho ya bibi yangu, na mwenye jina lile hadanganywi. Mkono wangu ulitafuta glasi ya maji.

"Hapana, Kambo," nilimwambia. "Ilikuwa namba tu. Namba nne."

Akaridhika, akaendelea kutafuna, midomo ikienda upande huu na upande ule.