Nilidhani ni uchafu wa nzi: saa ya babu ya enzi za Mjerumani

Amahoro wakuu. Na kwa wanaoipokea, asalaam alaykum.

Mimi ni mzee wa Rumonge, huku kwenye ufuko wa Tanganyika upande wa Burundi. Miaka yote nasoma nyuzi zenu kimya kimya, maana kidole changu kizito kwenye simu. Leo nimejilazimisha kuandika, kwa kuwa nimefanya kosa ambalo naamini kuna mwenzangu mahali fulani ameshashika kitambaa, yuko karibu kulifanya.

Tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani, mwalimu wetu hakupokea habari mpaka umwambie umeipata kwa nani. Basi nitawaandikia hivyo hivyo. Niliyoyaona nitasema nimeyaona. Niliyoambiwa nitamtaja aliyeniambia.

Nianze.

Napenda vitu vya zamani tangu ujana. Nina bakuli la kaure lililopasuka na kushonwa kwa waya, sinia la shaba, birika la kahawa lisilo na mfuniko, na vitu vingine ambavyo mke wangu anaviita "hazina ya vumbi". Siuzi. Navitunza tu, namshukuru Mungu kwa macho ya kuviona.

Lakini mfalme wa chumba kile ni saa ya ukutani ya Babu Sefu, baba yake baba yangu. Ni ya mbao nyeusi, ina kile chuma kinachobembea, na ukiitia ufunguo inagonga kila saa. Babu aliipata enzi za Mjerumani. Alikuwa mtumishi kwenye kituo cha ushuru hapa ufukoni. Hayo nilisikia kwa marehemu baba, naye alikuwa mtu wa maneno machache, aliishia hapo.

Ile saa ina ajabu moja. Uso wake, ambao ni bati lililopakwa rangi nyeupe, umefungwa kichwa chini. Kumi na mbili iko chini, sita iko juu.

Tulikua tukiiona hivyo. Hakuna aliyeuliza. Mtoto haulizi kwa nini paa liko juu.

Baadaye ikaacha kutembea. Ikakaa kimya miaka mingi.

Mwaka huu, Maulidi yalipokaribia, nikasema nitaitengeneza ili ukoo ukikusanyika waisikie. Nikaishusha mwenyewe. Usoni, pembeni mwa tarakimu, kulikuwa na vidoa vyeusi vidogo sana hapa na pale. Nyumba yetu haiko mbali na mahali wanapoanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na mnajua palipo na ndagala pana nzi. Nikasema hawa nzi wameifanya saa ya babu choo chao.

Nikachukua pamba, sabuni na maji ya vuguvugu. Nilisugua kwa subira, nikisoma dhikri, asubuhi nzima. Wallahi nilijiona nafanya ibada.

Kisha nikaipeleka kwa Fundi Evariste pale sokoni. Ni fundi wa saa na redio, mkono wake mwepesi na hana haraka. Akaifungua, akaitazama, akacheka.

"Mzee Hamisi, uso iko kichwa chini! Aliyeifunga alikuwa amelewa?"

"Babu yangu hakuonja pombe," nikamwambia.

"Basi alikuwa na usingizi. Nigeuze?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza na kufikiri. Nikasema, geuza.

Akanionyesha na jambo jingine. Uso ule ulikuwa na matundu manne. Mawili ya kutilia ufunguo, na mengine mawili yaliyozibwa kwa vipande vya bati. Yale yaliyozibwa ndiyo yaliyokuwa laini, ya kiwandani. Yaliyokuwa yakitumika kingo zake zilikwaruzwa, kama yamekatwa kwa msumari na uvumilivu. Nikashangaa kidogo, nikaendelea na safari. Wakuu, dalili ilikuwa mbele yangu, nikaipita kama mtu anayepita jirani bila salamu.

Evariste akafungua yale ya kiwandani, akafunga uso "sawasawa", akapiga msasa kutu iliyokuwa imekula kuanzia kumi na mbili mpaka mbili, akapaka rangi nyeupe juu yake. Saa ikarudi nyumbani inang'aa. Ikatembea, ikagonga.

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa Yaya Mwajuma. Kwetu huku yaya ni dada mkubwa, wenzetu wa Tanzania msije mkadhani ni mlezi wa watoto. Amenipita miaka kumi, na ndiye pekee katika sisi tulio hai aliyemwona babu kwa macho na kukaa naye. Anaishi Kigwena, kusini mwa mji, palipo na michikichi. Alikuja kusaidia maandalizi.

Akasimama mbele ya saa. Nikangoja sifa.

"Madoa iko wapi?"

"Nimeyasafisha, Yaya. Nzi walikuwa wameichafua."

Akageuka kutoka kwenye saa. "Nzi."

"Ndiyo, na uso tumeugeuza vizuri..."

"Weye Hamisi, umesoma vitabu vyote hivyo, na bado mutu akiacha neno lake ukutani unalipangusa na sabuni?"

Akajifunga kanga yake, akaondoka kurudi Kigwena siku ile ile. Kwenye Maulidi hakuja. Nikipiga simu, anapokea mjukuu wake: "Bibi anasema ana kazi."

Basi hali yangu ilikuwa hiyo. Mtu mmoja tu duniani anajua vidoa vile vilikuwa nini na vilikaa wapi. Umri wake umekwenda, moyo wake unamsumbua, na hataki kusikia sauti yangu. Akiondoka kabla hajaniambia, kitu alichokiacha babu kimekwisha kabisa, na mkono uliokimaliza ni huu ninaoandikia.

Nikarudi kwa Evariste na saa yangu. Nilimweleza yote. Hakucheka safari hii.

"Tuliharibu wote wawili, Mzee. Tutafute wote wawili."

Akazima taa ya meza, akawasha tochi ya simu, akailaza pembeni kabisa ya uso ili mwanga upite ubavuni. Naapa niliona kitu kipya. Penye tarakimu zilizochapwa, bati lilikuwa tambarare. Lakini kulikuwa na vishimo vidogo, kama vilivyochomwa kwa ncha ya sindano. Wino ulikuwa umeondoka na sabuni yangu, kishimo kimebaki.

Nzi hachimbi shimo.

Tukapata vitatu: kimoja nyuma kidogo ya kumi na moja, kimoja baada ya sita, kimoja baada ya tisa. Kuanzia kumi na mbili mpaka mbili, palipopigwa msasa na kupakwa rangi, hakuna kitu. Pale hatukuweza kujua kama kulikuwa na kimoja, au viwili, au havikuwepo.

Nikamwomba ageuze uso urudi kama babu alivyouacha. Tulikuwa bado tunafunga skurubu, mara muadhini akaadhini adhuhuri. Nikatupa jicho kwenye saa.

Mshale mfupi ulikuwa umesimama juu ya kishimo cha baada ya sita.

Evariste ni Mkatoliki, lakini alielewa kabla yangu. "Mzee, hii saa inaswali."

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Adhuhuri Mzungu anasema ni saa kumi na mbili, sisi tunasema saa sita. Ukiugeuza uso juu chini, mshale mfupi wa Mzungu unasoma saa za Mswahili, na mrefu ukielekea juu bado ni saa kamili. Mwendo ni ule ule, kugonga ni kule kule, namba tu ndizo zimehama. Na vidoa ni nyakati za swala. Tisa na kitu ni alasiri. Kabla ya kumi na moja ni alfajiri.

Sikungoja alasiri. Nilichukua karatasi, nikachora duara na tarakimu peke yake bila alama yoyote, nikapanda gari kwenda Kigwena.

Nilimkuta Yaya uani anachambua maharage. Nilivua viatu, nikakaa chini. Sikueleza kitu. Nikasema, "Yaya, nimekosa. Nimekuja kufundishwa."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema bila kuniangalia, "Mawe iko mengi kwenye hii maharage. Saidia."

Tukachambua wote. Na hapo akanisimulia. Haya yafuatayo nimeambiwa na yeye, naye aliambiwa na babu mwenyewe.

Pale kituoni alikuja bwana mpya wa Kijerumani, Kiswahili chake bado cha kitabuni. Ilikuja saa pamoja naye, ikatundikwa ukutani, na amri ikatoka: asiguse mishale mtu yeyote. Babu akapewa kazi ya kuitia ufunguo tu. Sasa yule bwana akisema watu waje saa mbili, anamaanisha mbili yake, baada ya adhuhuri. Watu wanafika asubuhi na samaki wao, wanakaa juani mpaka samaki wanaharibika. Akisema saa nane, anataka asubuhi. Watu wanakuja mchana, wanachapwa viboko kwa uvivu.

Babu akavumilia, akatafakari. Siku bwana alipokuwa safarini, akafungua uso, akakata matundu mawili mapya, akaugeuza. Bwana aliporudi akawaka moto.

"Nilisema usiguse mishale!"

"Sikuigusa, Bwana. Ngoja igonge."

Asubuhi ile ikagonga mara nane, kama masikio ya bwana yalivyotaka, na macho ya watu yakasoma saa mbili. Yaya anasema bwana alicheka mpaka akakaa chini. Uso ukaachwa hivyo, na viboko vya kuchelewa vikaisha. Vita vilipokuja bwana akaondoka, nyumba ya kituo ikabomoka, babu akaihifadhi saa akingoja mwenyewe arudi. Hakurudi.

"Na vidoa?" nikauliza.

"Wapagazi wengi pale kituoni walikuwa Waislamu, hawajui kusoma namba. Siku za mvua jua halionekani. Akawawekea alama, mshale mufupi ukifika pale, mutu anajua."

"Mbona vidogo vile?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. "Ili Mzungu aone ni mavi ya nzi! Alimudanganya Mzungu, akakudanganya na weye."

Wakuu, nilicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea yenyewe.

Nikatoa karatasi. Sikumwambia nimepata vingapi wala wapi. Nikampa kalamu. Aliweka vidoa bila kusita: nyuma ya kumi na moja, baada ya sita, baada ya tisa. Vyote vitatu palepale nilipoviona kwa tochi. Basi shahidi wangu alikuwa mkweli, na nikapokea vilivyobaki.

Cha nne akakiweka mara tu baada ya kumi na mbili. Magharibi. Hicho hata mimi ningekikadiria.

Cha tano akakiweka karibu kabisa na saa mbili.

Nikamwambia, "Yaya, isha huku inaingia mapema kuliko hapo. Ni saa moja na kitu."

"Najua isha inaingia lini. Babu alisema wapagazi wanatua mizigo magharibi, na bado hawajapika. Mutu mwenye njaa anaswali na sufuria. Waache wale kwanza."

Nimesoma vitabu vya nyakati za swala, ningeweza kupiga hesabu ya kila kidoa kwa jua. Kile cha tano nisingekipata kamwe. Kilikuwa kwenye kichwa cha bibi mmoja wa Kigwena, basi.

Nikamwambia nitamwomba Evariste avirudishe vyote kwa wino mzuri.

"Hapana. Ukivirudisha vitakuwa vidoa vya Hamisi. Saa ilipoteza, iache ionekane imepoteza. Weka karatasi nyuma yake, uandike ni nani aliyefuta."

Nimeandika. Jina langu liko pale, na sabuni nimeitaja, na msasa.

Saa iko ukutani, uso kichwa chini. Yaya sasa anapokea simu mwenyewe, ingawa neno la kwanza ni "Nzi anasemaje leo?"

Nililojifunza ni hili. Kitu cha zamani usikisafishe siku ile ile ulipokishika. Kiangalie kwanza, kipige mwanga wa ubavuni, na umuulize mkubwa aliyebaki kabla hujaanza. Uchafu utakungoja. Mkubwa hana ahadi hiyo.

Sasa nawauliza ninyi wa Ujiji, Kigoma, Uvira, Bujumbura na kwingineko. Kuna aliyewahi kuona saa ya enzi zile yenye uso kichwa chini? Je, ilikuwa busara ya babu peke yake, au mafundi wa pwani ya ziwa walifundishana? Na vile vidoa, mngeviacha kama Yaya anavyotaka, au mngevirudisha? Nitasoma kila jibu, hata la kunitukana. Murakoze cane, asanteni sana.