Kipande Nilichokisugua Haraka

Mwanangu, ipo siku moja ya Darsait, mtaa wa hapa Maskati, ambayo mpaka leo nikiikumbuka hucheka peke yangu. Tulikuwa hatujatimiza miaka minne tangu tutoke Unguja, nna darasa sita tu kichwani, na tayari mimi ni msuguaji bora wa mawe Maskati nzima. Sijisifu. Tulikuwa wawili tu, na wa pili ndiye Maalim Nasoro aliyenifunza, mzee aliyeijulia kazi hii bara, Dodoma.

Jiwe hukatwa kipande, kikagandishwa juu ya kioo, kikasuguliwa mpaka mwanga upenye. Hapo hutiwa kwenye hadubini, na kila madini yakaonesha rangi yake.

Mzungu aliyetuajiri akaleta jiwe jeupe la mlimani, kipande kimoja tu. Nikilitambua, napata meza yangu ya hadubini. Nikikosea, narudi kubeba magunia. Nikalikwaruza kwa ukucha, likatoa unga unaoteleza. Nikasugua chapuchapu, nikachungulia. Wallahi, vibamba vinawaka waridi na buluu kama kanga za Idi! Nikatangaza: talki, jiwe la kufanyia poda.

Maalim akainama akatazama, taratibu kama anayeonja mchuzi.

"Sefu, hii chembe ya kwatzi hapa pembeni, kawaida yake rangi gani?"

"Kijivu, Maalim."

"Na hii?"

Kwatzi ile, madini ya mchanga wa kawaida, ilikuwa njano kama zafarani.

"Umekiacha kinene, bwana mkubwa. Kikiwa kinene, hata jiwe lisilo talki huwaka. Wewe hujatambua kitu, umebahatisha."

Ikabidi nimwendee mzungu, mdomo mzito, nimwambie bado sijui. Kisha nikarudi kusugua kwa kidole na maji, moyo juu, maana jiwe laini kama lile likizidishwa kusuguliwa hubanduka lote, na jengine hakuna. Kwatzi ikafifia, ikawa kijivu. Nikachungulia: vile vibamba bado vinawaka!

Maalim alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Sasa ni talki," akasema. Meza nikapata, na leo nna karakana yangu mwenyewe, wanaosugua kumi na mmoja.

Basi, mwanangu, kuwa sahihi hakutoshi. Ipime kwanza kazi ya mkono wako, ndipo uitangaze. Na kama hujui, sema hujui, hata mbele ya mwenye kukuajiri. Ukishahakikisha, jisifu utakavyo, mimi sikukatazi. Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi, jicho lisilo pupa, na mtu wa kukuuliza.